Gramu Arobaini

Kila Jumanne, treni ya Kigoma ikisharipotiwa Usoke,
Mihayo Kasanzu alisukuma bahasha dirishani kwangu,
ya kaki, imebanwa kwa gundi ya unga wa muhogo,
nami nikaiweka kwenye mizani ya vifurushi
iliyozoea magunia ya karanga na madebe ya asali.
Mshale haukushtuka.
"Andika gramu arobaini," alisema,
"thelathini za karatasi, kumi za mheshimiwa."

Siku mbili hadi Dar es Salaam, kama injini haikuugua Saranda.
Siku nyingine mezani kwa mhariri.
Jumamosi gazeti linatoka,
Jumanne linaturudia Tabora kwa reli ileile, limelala na vumbi.
Mara moja alimchora waziri akikata utepe;
picha haijapita Morogoro, waziri kaachishwa kazi.
Tangu hapo Mihayo hakugusa habari ya moto.
Akachora kama watu wa kwetu wanavyoanika michembe:
kitu cha kutafunwa kiangazi chote.

Alichora bomba la maji, kuku kalitagia.
Alichora foleni ya ndoo, ndoo zenyewe zimeketi zinasukana nywele.
Alichora bwana mmoja, kitambi mbele, pua kama kiatu cha shule,
masikio wima yakisubiri posho.
Bwana Subiri, ndilo jina alilompa,
na Ng'ambo wakamjua, Isevya wakamjua,
wakamkata kwa wembe wakambandika kwa vinyozi.
Pembeni, mahali pa sahihi, sisimizi mmoja
amebeba punje iliyomzidi kimo.

Mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote.

Mpaka bomba lile lilipomfikia mkubwa wa wilaya.
Mihayo akaitwa, akatandikiwa gazeti:
"Mwenye kitambi hiki ni nani? Sema. Ni mimi?"
Mihayo akakohoa. Akaomba aletwe karani wa vifurushi.
Nikafika na kalamu sikioni, sijui niliitiwa nini.
"Simama ubavu," mtu akaambiwa, na mtu mwenyewe ni mimi.
Nikasimama.
Mkubwa akanitazama pua, akatazama gazeti,
akanitazama tena, pale juu ya mkanda,
akacheka hadi chai ikamwagikia faili.

Tulirudi kwa miguu bila kusemezana mpaka tulipofika relini.
"Miaka sita," nikamwambia, "miaka sita
nalipakia tumbo langu mwenyewe kwenye behewa,
na ada nakupunguzia!"
Akatazama mataruma.
"Mji mzima huu," akasema, "ni wewe tu uliyekuwa hutikisiki."
Wiki ile nilimtoza kamili.
Na Bwana Subiri, Jumanne iliyofuata, alikuwa amekonda kidogo.

Kisha zikaja kompyuta. Mhariri mpya, kijana,
akaandika barua ya mistari miwili, ya pili ikiwa jina lake.
Mihayo akageukia mabango: mbuzi wa bucha
mwenye uso wa mtu anayejua bei ya kilo;
nyuki wa duka la asali, kavaa tai.
Mtoto wa jicho akaingia jicho la kulia,
akawa anachora kichwa upande, kama kuku anayesikiliza.
Sisimizi akawa nukta. Nukta ikawa wakati mwingine
nje ya bango kabisa, ukutani kwa jirani.

Mimi nilistaafu. Sukari ikanila tumbo, ikanila mashavu,
suruali za kazi nazifunga kwa kamba ya kifurushi.
Jana akaja barazani kwangu na daftari la mjukuu wake,
penseli imechongwa kwa kisu.
Akanisogelea hadi nikasikia tumbaku yake.
Akaninyooshea mkono, akanipapasa kiunoni
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Umekonda," akasema, kwa lawama,
kana kwamba nimeuza kitu chake bila kumwambia.
"Sasa nimchore nani?"

Nikainuka.
Nikageuka ubavu, nikajaza pumzi, nikaishikilia.